Radhi ya Fathiya

Mimi sina subira, na sijawahi kujisifu kuwa ninayo. Kazini wanajua, nyumbani wanajua, hata msikitini wanajua, maana nimeshawahi kumnyang'anya muadhini kipaza sauti nikakitengeneza mwenyewe na swala inangoja. Basi mtu wa namna hiyo ndiye aliyeambiwa akae kando ya kitanda cha mgonjwa, aukaze uso, na aseme uongo ule ule kila siku mpaka amri nyingine itoke.

Mgonjwa mwenyewe ni Ma. Jina lake Khadijah, na kwa damu ni mama yangu mkubwa, dada wa tumbo moja na Mama yangu mzazi, Fathiya wa Kibokoni, Mombasa. Ma hakujaaliwa kuzaa. Mama alijaaliwa watoto, akafiwa na mume tungali wadogo, na kwetu pwani si ajabu ndugu kumpa ndugu mtoto amlee. Ma akapewa mimi. Nilikuwa na miaka tisa alipopanda ndege nami kuja Minnesota kumfuata mumewe, na ahadi ilikuwa nikimaliza shule nitarudi. Shule zilikwisha zamani. Mume wa Ma alifariki, Ma akapika biriani za arusi za Waswahili wa Saint Paul mpaka mgongo ukakataa, mimi nikawa fundi wa mitandao ya kompyuta, na Kibokoni nilirudi mara moja tu, kwenye arusi ya ndugu yangu Harun.

Safari hiyo nisiizungumze sana. Mama alinipa chai kwenye vikombe vya kabatini. Anayezijua nyumba zetu anajua maana yake; vikombe vya kabatini ni vya wageni. Sikumuuliza, naye hakuniuliza, kwa kuwa kiburi tulirithishana. Nikarudi Saint Paul na uchungu wangu, nikawa nampigia simu kila Ijumaa, tunaulizana hali, tunaombeana dua, basi.

Mwaka jana Mama akaota uvimbe kooni. Madaktari waliukata, na sauti ikaondoka nao. Tangu hapo simu ya kawaida ikawa haina maana kwake. Ilikuwa lazima iwe ya video, Harun amshikie, umwone akiinua mkono, akitikisa kichwa, akicheka bila kutoa sauti. Na msimu huu wa baridi Ma naye akaanguka. Kilianza kiharusi kidogo, ukafuata moyo, kisha maji kwenye mapafu. Hospitali ilipomtoa, bima ikamchagulia nyumba ya kuuguzia wazee huko Maplewood, jengo la matofali la zamani, kuta nene, zuri ukilitazama kwa nje. Ndani simu haishiki kabisa.

Wiki ya kwanza tu Ma akaniambia anachotaka. Nilidhani atataka mto wake au uji wa pilipili manga, nimeshajiandaa kugombana na wapishi wao. Hakutaka hata kimoja.

"Nataka nimwone Fathiya uso kwa uso, nimuombe radhi," alisema. "Kabla hajaondoka yeye au sijaondoka mimi."

Nikamwambia hilo ni jambo dogo, nitamrekodi, Harun atamsikilizisha Mama. Akakataa. Radhi ya kutumiana, alisema, hujui imefika vipi wala imepokewa vipi. Yeye anataka amwone dada yake akikubali, na kama atakataa, amwone akikataa. Nilidhani ni mambo ya dada kwa dada, maneno ya jikoni ya miaka hiyo. Ndugu wawili hawakosi la kuombana radhi, na mtu akiona safari inakaribia huanza kufagia nyuma yake. Nikasema haya, tumpigie, nikafungua tableti, nikabonyeza. Duara likazunguka, likazunguka, likakata.

Nilijua kwa nini, na kujua ndiko kulikoniudhi. Nyumba ile ni mteja wa kampuni ninayofanyia kazi. Miaka ya nyuma kidogo waliingiliwa na virusi, mafaili yao yote yakafungwa, na tangu hapo wenye nyumba wakaapa kwamba hakuna kitu kitakachopita kwenye mtandao wao bila kufunguliwa na kukaguliwa. Wakaweka proksi. Ma akaniuliza proksi ni mdudu gani. Nikamweleza kwa mambo ya jikoni, maana huko ananishinda.

Nikamwambia, wewe ukipeleka biriani kwa mtu, sufuria umeshaliziba mdomo kwa unga, unampa mtu akufikishie. Huyo mpelekaji ndiye proksi. Mpelekaji wa kawaida unamtajia tu nyumba. Anabeba, anafikisha, anarudi. Anajua limetoka kwa nani na limekwenda kwa nani, anajua saa, anajua uzito wake kichwani, lakini kilichomo hakijui. Siku hizi karibu kila kinachopita mtandaoni kimezibwa namna hiyo. Sasa yuko mpelekaji mwingine, aliyepewa ruhusa na mwenye nyumba. Akifika kona anaubandua unga, anafunua, anachungulia kama hamna sumu, halafu anakanda unga wake mwenyewe na kuziba upya. Kompyuta za ofisini zimefundishwa kuuamini unga wake, kwa hiyo hazishtuki. Lakini ile programu ya simu ya video inautambua unga wa kwao peke yake. Ikiona wa mtu mwingine inajua sufuria limefunguliwa njiani, na inakata.

Ma alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake ninapozungumza mambo ya kazi.

"Na hawa wawili, anayetuma na anayepokea," akauliza, "hawajui kama katikati yuko mtu anafungua?"

Nikamwambia wengi hawajui. Kila mmoja anaamini anazungumza na mwenzake moja kwa moja. Ma akageuza uso dirishani, kwenye theluji, nikadhani amechoka.

Tulijaribu njia za mkato. Emérance, mama wa Kikongo anayemhudumia Ma, alinisaidia kumsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi mlangoni, ambapo simu yangu inashika kidogo. Picha ya Mama ikaja, ikaganda, mdomo wazi na macho nusu. Ma akashika kifua. Alidhani amemwona dada yake akikata roho. Nesi akaja mbio, akanisema mbele ya watu, na haki yake. Baada ya siku ile daktari akakataza Ma asitolewe kitandani, na mpira wa oksijeni usitoke puani. Kumhamisha nyumba hakukuwezekana, niliuliza mpaka wakanichoka.

Dawa yenyewe ni ndogo, ndiyo inayotia hasira. Unaiambia proksi kwamba mzigo wenye jina hili usiufungue, upitishe ulivyo. Inasoma jina la unakokwenda, basi, inakaa pembeni. Ni maneno machache ya kuandika na ningeyaandika nimefumba macho. Lakini ruhusa si yangu, ni ya mkuu wetu wa usalama, Timothy, mtu mpole mwenye sauti ya chini, na upole wake hauna mlango wa kuingilia. Akaniambia kila tundu ukutani ni tundu, na la mama yangu pia ni tundu, lazima kamati ikae. Nikamwambia mbona mambo ya benki mmeyaachia yapite bila kufunguliwa, wazee wawili wa Kiswahili ndio watakaoleta virusi? Akasema ananielewa sana. Kamati ikaahirishwa kwa ajili ya theluji, kisha kwa ajili ya mtu aliyekwenda likizo Florida. Siku hiyo nilimwita Timothy jina ambalo sitalirudia. Nililisema kwa Kiswahili, alhamdulillahi.

Upande wa pili Mama naye alikuwa akingoja. Harun alinieleza kwamba kila siku baada ya alasiri Mama anataka avalishwe leso safi, aegemezwe kwenye mito, simu iwekwe mbele yake. Anakaa hivyo mpaka magharibi. Harun akimwambia leo pia hawakuweza, anafumba macho na kuashiria kwa mkono, kesho. Nilipoyasikia hayo niliacha kulala vizuri.

Asubuhi moja Timothy akaja mwenyewe mezani kwangu akaniambia imepita. Sikumshukuru vizuri, nilikuwa nimeshachukua funguo za gari. Nika-drive hadi Maplewood kwa mwendo ambao Mungu alinisitiri tu, nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha mitambo, nikaandika nilichokuwa nataka kuandika majuma yote yale. Na fundi hamwambii mtu imepona kabla hajajaribu. Nikatoa simu yangu, nikaiunganisha na mtandao wa jengo, nikampigia Harun nikiwa nimesimama katikati ya kelele za feni.

Ikapita, na picha ilikuwa safi. Harun alikuwa amekaa chini sakafuni, na nyuma yake nikaona watu wengi kwenye sebule yetu, wanaume wamevaa kanzu, na mtu anasoma Yasini.

"Nilikuwa nakutafuta, dada," akasema. "Mama ametutoka. Tulipomaliza swala ya adhuhuri tu."

Kitu cha kwanza kupita kwenye njia niliyoifungua kwa mkono wangu kilikuwa hicho. Nililia pale baina ya mitambo, nikalia kwa sauti, na feni zikanisitiri. Nilimlilia Mama, na nililia kwa hasira, kwa kuwa alivalishwa leso jana yake na mimi sikuwa tayari.

Kutoka garini nilimpigia Mjomba Bashir, ndugu yao mdogo, mwenye duka la nguo na udi pale mtaa wa Frogtown. Alilia kwanza. Kisha akawa Mjomba. Akaniambia Ma asiambiwe. Mgonjwa haambiwi msiba, hilo tumelikuta na tutaliacha. Moyo wenyewe ule unaendeshwa kwa vidonge, habari hii itauzima. Nikamwambia Ma ana haki ya kujua, ni dada yake. Akasema haki itangoja apone.

"Mwambie mtandao bado," akasema. "Ukimwambia kingine akafa mkononi mwako, utajibu wewe."

Siku nyingine ningembishia mpaka jua lichwe. Lakini aliyefiwa hana nguvu ya kubishana. Nikaosha uso chooni, nikapanda juu, nikamwambia Ma bado. Akaniuliza bado? Nikamwambia ni kamati. Akasema inshallah kheri, akaniuliza kama nimekula.

Khitma ilisomwa nyumbani kwa Mjomba. Wanawake walinikumbatia, wakanipa pole, wakanilisha, wana wema wao. Kisha mmoja baada ya mwingine akaninong'oneza nisilie sana, macho yatavimba na Ma ataona. Nikaondoka kabla ya chai. Nimefiwa na mama yangu mzazi na ninakatazwa kuvimba macho, jamani, huo ni msiba au ni mtihani?

Basi ikawa ndiyo kazi. Kila nikitoka shifti napita Maplewood, nakaa kitini, Ma ananiuliza mtandao vipi, nami nasema bado. Nilizua mambo. Leo cheti cha mtandao kimepitwa na tarehe, kesho proksi imezimwa irekebishwe, keshokutwa Timothy mgonjwa. Timothy nilimuuguza maradhi yote wiki ile. Ma aliyasikiliza yote kwa upole, na ule upole niliudhania ni dawa zinamlegeza. Usiku siusemi. Mchana tu ulitosha, kwa kuwa kila nikisema bado, nilimwona Mama akiwa ameegemezwa kwenye mito, na mimi ndiye niliyekuwa namwambia Ma aendelee kumngojesha.

Kisha siku moja, asubuhi ya siku yangu ya mapumziko, nikamkuta Emérance anamfunga Ma kilemba. Ma akamwomba atuache kidogo. Akaniambia nikae, nikakaa.

"Emérance anazungumza na watoto wake Uvira," akasema. "Hapa, kando ya kitanda changu. Ananigeuzia simu niwasalimie, nimewaona mpaka meno. Tangu juma lililopita. Mtandao umefunguka, Saadia, na wewe unaniambia haujafunguka. Wewe si mtu wa kusema uongo bila sababu, huna subira hiyo. Fathiya amekufa lini?"

Hakuna aliyemwambia kitu. Alitazama kwa nje tu, nani anaingia, nani anatoka, nani amenyamaza, akajua kilichomo. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imefika ukutani. Nikamwambia siku. Akasema inna lillahi wa inna ilayhi rajiun, pole pole, neno kwa neno. Moyo wake haukusimama. Wa kwangu ndio uliovunjika. Nilijitupa kitandani kwake nikalia kilio chote nilichokatazwa, naye akanishika kichwa kwa mkono ule mmoja unaofanya kazi. Aliniacha nilie mpaka nikamaliza. Kisha akasema alilokuwa amelibeba.

Alianza mbali, kwenye mwaka ule wa kwanza, tulipokuwa tunaishi chumba kimoja juu ya kinyozi. Nilikuwa nalia kila jioni nataka kwa Mama. Ma alikuwa akinunua kadi ya simu, anampigia Mama nyumbani kwa jirani, anaanza kuzungumza yeye koridoni, mimi nimefungiwa ndani, na mwisho ananiita anipe dakika moja ya salamu huku watu wazima wote wananitazama. Nayakumbuka hayo. Ambalo sikulijua ni alichokuwa anasema kabla ya kunipa simu. Alimwambia Mama kwamba mtoto amezoea, mtoto anacheka, mtoto akiulizwa habari za kurudi anakunja uso. Mama alipotaka nirudishwe kabla ya wakati, Ma akanijia mimi na kuniambia, Mama yako amesema huko hapana nafasi, tulia usome. Nilipomaliza shule Mama alitaka ahadi yake. Aliitaka mara nyingi, Ma alisema, si mara moja, na mwisho aliitaka kwa kilio. Kila mara Ma alimjibu kwamba mimi mwenyewe nimeapa sirudi. Na mimi, nilipouliza nitarudi lini, nikaambiwa Mama amesema nibaki.

"Sikuwa na mtoto," akasema. "Niliogopa usije ukaondoka. Nikakaa katikati yenu, la huku nikaligeuza, la huko nikaligeuza. Nyote wawili mliniamini. Mwenyewe hayupo tena wa kumuomba, na aliyebaki wa kwake mbele yangu ni wewe. Nipe radhi, mwanangu. Yako na yake."

Nikaviona vile vikombe vya kabatini. Mwanamke ameambiwa miaka yote kwamba mwanawe ameapa harudi, halafu mwana anaingia mlangoni kwa siku chache za arusi. Ampe kikombe gani? Na mimi nilikinywa na kununa. Tulikaa kwenye mkeka mmoja, magoti yanagusana, kila mmoja anangoja mwenzake aseme kwamba alimtaka.

Nikasimama. Nilimwambia Ma asiniombe cha mtu mwingine. Nilimwambia na mengine, kwa sauti iliyomleta nesi mlangoni, kwamba kama angenieleza mwaka jana tu, Mama angali na sauti, ningemsikia kwa masikio yangu akiniambia rudi. Ma hakujitetea. Nikatoka bila kumbusu mkono, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nijue kutembea.

Sikuweza kuendesha gari. Nilikaa pale paking, kioo kinaganda kwa pumzi zangu, na nasema wazi kwamba nilimchukia. Nilimchukia mwanamke aliyenisuka nywele kila Jumapili, aliyenivulia koti lake kituo cha basi mwaka ule wa baridi kali, aliyekaa macho nilipougua tetekuwanga. Nilimchukia na nilimpenda kwa wakati mmoja, na kimoja hakikupunguza kingine. Mjomba akapiga simu, sikupokea. Lolote ambalo angesema ningelirudisha na moto.

Nikafikiria kumpa neno tu. Maneno ni rahisi. Naingia, nasema nimekupa, ya kwangu na ya Mama, mgonjwa anatulia, mimi narudi kazini. Lakini ya Mama ningeitoa wapi? Mama aliondoka akijua mwanawe amemkataa. Kama angelijua la kweli, huenda angemsamehe dada yake palepale, huenda asingemtazama tena mpaka siku ya hukumu. Simjui kiasi hicho, na kutomjua huko ndiko nilikofanyiwa.

Kesho yake nikampigia Harun kabla sijatoka nyumbani, nikamwomba aende mahali, asiniulize kwa nini. Nilipofika Maplewood Ma alikuwa macho. Sikumpa jibu, naye hakuliulizia. Nikaisimamisha tableti kwenye ile meza ya kulia chakula, nikamwambia:

"Utamuomba mwenyewe."

Ikaita, ikapita. Chini kwenye chumba cha mitambo proksi ilijua tu kwamba kifaa kimoja cha ghorofa ya pili kinazungumza na mbali, na kwamba mzigo ni mzito kidogo. Haikufungua kitu. Sisi tuliona ukuta mweupe wa makaburi, majani makavu, viatu vya Harun vikitembea. Akatoa salamu kwa waliolala pale. Kisha akachuchumaa na kuishusha simu, na mbele yetu pakawa na tuta la udongo mwekundu, bado halijashuka, na kijiti kichwani.

Ma akauweka sawa mtandio wake. Akaniashiria nimwinue zaidi kwenye mto wa kitanda, nikamwinua.

"Fathiya," akasema. "Mimi Khadijah. Ulinipa mtoto nimlee, nikakunyang'anya. Ulimtaka, nikakwambia hakutaki. Alikutaka, nikamwambia humtaki. Naomba radhi yako."

Harun alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Aliyasikia pale kwa mara ya kwanza, amechuchumaa, simu mkononi. Ma akangoja. Alingoja hasa, kichwa amekielekeza upande wa tableti, kama mtu aliyeuliza swali na anajua mwenzake si mwepesi wa kujibu. Kunguru alilia mahali. Mtu alipita nyuma na toroli. Udongo ulikuwa udongo tu.

Harun ni mtu wa huruma, hawezi kuona mtu mzima anangojeshwa. Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya simu.

"Amekuradhi, Mamkubwa. Mama hakuwa na kinyongo na mtu."

"Usimsemee, mwanangu," Ma akasema. "Muache."

Machozi yalikuwa yanamteremka Ma hadi kwenye ule mpira wa puani, na hakuyafuta, na hakuniangalia. Hakuniomba tena. Nilikaa kando yake nikaupekua moyo wangu kuona kilichomo, na la Mama sikuliona, kwa kuwa sikuwahi kupewa. Nikaona la kwangu, dogo, na halijakamilika.

Nikamwambia nimemradhi. Mimi, kwa nafsi yangu, si kwa mtu mwingine. Ma akaitikia kwa kichwa, macho hayajatoka kwenye udongo, akaniomba tusikate simu kwanza.